Janti za uwanjani kwenye Altezza ya kila siku: shajara ya kazi, Lubumbashi

Jumamosi, 4 Mei 2024: vipimo

Motokari ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2000, ile ya injini ya 3S-GE na gia sita za mkono. Kila asubuhi inanitoa Bel-Air kwenda kazini mjini. Jumapili moja ya kila mwezi inaingia kwenye yadi ya malori upande wa barabara ya Kipushi, ambako mwenye yadi anatuachia lami yake tupange koni na kushindana na saa. Gari ni ileile kwa kazi zote mbili, na haitakuwa na ndugu yake karibuni.

Usukani uko kulia, kama kwenye magari mengi yaliyotoka Japani, na sisi Kongo tunaendesha upande wa kulia. Kwa hiyo dereva unakaa upande wa mtaro. Shimo la kulia unaliona mapema. La kushoto, lililo katikati ya njia, tairi ndilo linaloligundua. Mwezi wa Machi, maji yakiwa yamejaa barabarani, gurudumu la mbele kushoto lilizama kwenye shimo kama hilo na ukingo wa ndani wa rimu, au janti kama tunavyosema hapa, ukapinda. Tulinyoosha, lakini nilishaamua: natafuta seti nyepesi ya uwanjani, na hizi za kiwandani zibaki za mvua.

Naandika kila hatua hapa kwa sababu mimi mwenyewe nilitafuta mtu wa huku aliyewahi kuifanya kazi hii akaeleza bei na makosa, sikumpata.

Vipimo vya kiwandani: janti ni inchi 17 kwa upana wa inchi 7, ofseti +50, matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3, tundu la kitovu milimita 60.1, skrubu za M12 zenye hatua (umbali kati ya meno) ya 1.5. Tairi ni 215/45R17. Nilipima pia nafasi kati ya tairi na amotisa (shokomzoba) ya mbele: milimita 22. Kati ya tairi na mdomo wa madigadi ya nyuma, nikipima kwa kamba yenye jiwe iliyoning'inia wima: milimita 31.

Ofseti inawachanganya wengi, kwa hiyo nitaifafanua kwa hesabu ileile niliyoifanya kwenye daftari. Ni umbali kati ya katikati ya upana wa janti na uso wake unaokaa kwenye kitovu. Chukua nusu ya upana wa janti, toa ofseti: unapata umbali kutoka uso wa kitovu hadi ukingo wa nje. Jumlisha badala ya kutoa, unapata wa ndani. Janti yangu ya inchi 7: nusu ni milimita 88.9, kwa hiyo nje ni 38.9, ndani 138.9. Janti ya inchi 8 yenye +35: nje 66.6, ndani 136.6. Yaani inatoka nje milimita 27.7 zaidi, na ndani inapata hata nafasi ya ziada ya 2.3. Ya inchi 8 yenye +45: inatoka nje 17.7, inaingia ndani 7.7. Ya inchi 9 yenye +35, ambayo macho yangu yaliitamani sana: inatoka nje 40.4. Kwa nafasi ya 31 niliyo nayo nyuma, hiyo ingekula madigadi siku ya kwanza. Nikaifuta.

Imebaki inchi 8, ama +35 ama +45.

Ijumaa, 17 Mei: seti ya kwanza

Leo ni sikukuu, nimepata nafasi ya kuzunguka. Kwa muuzaji mmoja wa vipuri nimekuta seti yenye mikono sita minene, rangi ya shaba, sura ya TE37 kabisa. Inchi 17 kwa 8, +45, mashimo yangu. Dola 360 baada ya kubishana. Nimelipa.

Nyumbani nimechukua mizani ya kuning'iniza ya shangazi yangu, anayeuza kapenta (dagaa) sokoni komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, nikapima janti moja moja bila tairi. Ya kiwandani: kilo 9.4. Ya leo: kilo 10.3. Nimepima mara tatu.

TE37 ya kweli, ya kampuni ya Rays ya Japani, ilitoka mwaka 1996, na 37 katika jina lake ni kilo 3.7, uzito wa ile ya inchi 15 kwa 6. Ni janti ya kufuliwa: kipande cha aloi kinakandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka chembe zake zinashikana, ndiyo maana inaweza kuwa nyembamba na bado ikabeba. Hizi zangu zimemiminwa kwenye ukungu, na ili zisivunjike mtengenezaji ameziongezea unene. Nimezigeuza kutafuta alama nyuma ya mikono. JWL hakuna, VIA hakuna. JWL ni alama kwamba mtengenezaji amefuata kanuni ya Japani: janti inazungushwa huku ikipindwa kama kwenye kona, inakimbizwa kwenye ngoma chini ya mzigo, na inaangushiwa uzito. VIA inaongezwa pale ambapo majaribio yamethibitishwa na shirika lililo nje ya kiwanda. Nilizijua alama hizi kabla ya kutoka nyumbani. Dukani sikuzitafuta, kwa sababu rangi ilikuwa imeshanishika.

Kosa la kwanza, basi: kupima uzito na kutafuta alama baada ya kulipa. Mizani ya kuning'iniza inaingia mfukoni.

Jumapili, 2 Juni: spesa, mtikisiko, upepo

Nilizifunga hata hivyo. Nilijiambia zitatosha kwa kujifunza.

Kwanza, mkono wa janti uligusa kalipa ya mbele, yaani kibanio cha breki. Ofseti ilikuwa sawa, nafasi ya amotisa ilikuwa sawa, lakini mikono imenyooka kuelekea ndani na kalipa iko palepale. Ofseti haikuambii chochote kuhusu umbo la mikono. Nikaweka spesa ya milimita 5, bamba la kuisogeza janti nje. Nikahesabu mizunguko ya nati: bila spesa, nati inaingia mizunguko tisa na nusu. Na spesa, sita. Kanuni ninayoishika ni kwamba nati iingie angalau kwa urefu ulio sawa na unene wa skrubu. Unene ni milimita 12, hatua ni 1.5, kwa hiyo ni mizunguko minane. Sita haitoshi kwa gari linaloenda kufunga breki kwa nguvu mara arobaini kwa asubuhi moja. Nikatoa spesa, nikapiga msasa mwembamba kwenye kalipa pale ilipokuwa na mwinuko wa kumiminia, ikapita kwa nafasi ya unene wa kadi ya simu. Hiyo nayo haikuwa kazi nzuri, naiandika ili mtu asiirudie.

Pili, kuanzia kilomita 90 kwa saa usukani ulitikisika. Tundu la kitovu la janti hizi ni 73.1, langu ni 60.1, na hapakuwa na pete ya kujaza pengo. Nati peke yake zilikuwa zinaikamata janti popote ilipoangukia.

Tatu, na ndilo lililomaliza habari. Asubuhi ya leo tairi la mbele kushoto lilikuwa limelala. Nililipeleka kwa kwado (fundi wa kuziba matairi) wa jirani, mzee ambaye sote tunamwita Papa Kwado. Akalijaza upepo, akalizungusha kwenye pipa la maji, akanyamaza kidogo. Kisha akaniita nisogee.

“Mwana, mupepo inatoka mu janti. Haiko mu mupira.”

Vipovu vidogo vilikuwa vinapanda kutoka chini ya mkono mmoja, pale unaposhikana na pipa la janti, ule mwili wake wa mviringo unaobeba tairi. Sikuona kitu kwa macho. Alipopitisha ukucha, ukakwama.

Kilomita 212 tu, na shimo moja ninalolikumbuka.

Jumamosi, 8 Juni: wino mwekundu

Katika mji wa migodi, kila mtaa una mtu anayejua chuma. Jirani yangu kazi yake ni kukagua mishono ya kuchomelea. Amekuja na makopo matatu: la kusafishia, la wino mwekundu unaopenya, na la unga mweupe. Unasafisha, unapuliza wino, unasubiri dakika kumi na tano, unafuta kabisa, unapuliza unga. Wino uliojificha kwenye ufa unarudi juu na kuchora mstari.

Janti ya kushoto mbele ilichora mstari wa sentimita 4. Ya kulia mbele, ambayo haikuvuja kabisa, ilichora mitatu midogo kwenye mizizi ya mikono. Nilikaa nayo uani nikiitazama. Ijumaa ya kabla ya tairi kulala nilikuwa nimempakia mke wangu na mtoto kwenda Ruashi juu ya janti hizo.

Mtu mmoja amenipa dola 150 kwa seti, akisema atazichomelea. Nimekataa. Janti ya kumiminwa ikishapasuka kwenye mzizi wa mkono, mshono wa kuchomelea unaacha pembeni yake sehemu iliyolainika kwa moto, na ufa unaofuata unaanzia hapo. Nimezikata zote nne kwa grainda katikati ya mikono, asije mtu kuzifunga tena, nikazipeleka kwa wamimina sufuria. Kilo 41, wamenipa dola 40. Sasa ni sufuria za bukari (ugali), na huko hazitamwangusha mtu.

Jioni nimeagiza Enkei RPF1 zilizotumika, kutoka Japani, inchi 17 kwa 8, +35. Sababu: mtengenezaji anajulikana, uzito wake unajulikana, mikono yake kumi na miwili imepinda kuondoka kwenye kalipa, na kwa hesabu ya Mei inanipa nafasi zaidi ndani. Siyo ya kufuliwa. Uso wake unamiminwa, kisha pipa linakandamizwa kwa roli huku likizungushwa likiwa na moto, na kwa hiyo pipa linakuwa jembamba bila kuwa dhaifu. Kwa bei ya seti moja ya kufuliwa ya kweli, ningenunua mbili za hizi, na kwa barabara zetu janti ya akiba ina maana.

Kabla ya kulipa nimemwomba wakala picha nne: nyuma ya kila janti, alama za JWL na upana zikisomeka. Ametuma. Dola 620.

Jumamosi, 29 Juni: matairi

Fupi. 225/45R17 kwa sababu inchi 8 inaibeba vizuri na kipenyo chake kinazidi cha 215/45 kwa milimita 9 tu, asilimia 1.4, kwa hiyo saa ya mwendo haidanganyi sana. Nilitaka Yokohama Advan AD08R. Seti ya kwanza niliyooneshwa ilikuwa na kina kizuri cha meno, lakini tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu zilisoma 2316: wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ukucha haukuingia kwenye mpira. Tairi la namna hiyo limekuwa gumu, meno yake hayana kazi. Nimesubiri wiki mbili, nikapata manne ya 2021 kwa dola 300.

Jumamosi, 10 Agosti: zimefika

Ziliwekwa ndani ya buti ya gari la mteja mwingine: meli hadi Dar es Salaam, kisha Tunduma, Zambia yote, Kasumbalesa. Nafasi kwenye buti, ushuru na mtu wa kunitolea: dola 345. Jumla ya janti ni 965. Ningeweza kulipa pungufu kama ningeagiza pamoja na watu wawili watatu, na mwakani tutafanya hivyo.

Mizani ya shangazi: 7.2, 7.2, 7.1, 7.2. Kilo 2.2 pungufu kwa kila gurudumu kulinganisha na za kiwandani. Tairi pana linarudisha karibu nusu kilo, na kinachobaki bado kinasikika, maana uzito huo hauko juu ya springi, na tena unazunguka.

Wino mwekundu kwa zote nne: safi. Kisha nimezipeleka kwa mtonaji, fundi wa kuchonga chuma kinachozungushwa na mashine, nitakayemweleza hapo chini, akaziweka kwenye kitovu na saa ya kipimo. Upotovu wa ubavuni: milimita 0.4, 0.3, 0.5 na 1.1. Hiyo ya 1.1 nimeiandikia rangi ndani: nyuma kulia, ambako usukani hautailalamikia.

Jumatano, 14 Agosti: pete na nati

Tundu la RPF1 ni milimita 73. Kitovu cha Altezza ni 60.1. Zinauzwa pete za plastiki, na kwa gari la mjini hazina ubaya. Lakini breki za uwanjani zinapasha kitovu, na nimewahi kuona pete ya plastiki ya rafiki ikitoka imelainika kama mshumaa. Nilitaka za alumini.

Mtonaji ni mzee aliyestaafu kwenye karakana za mgodi. Leo ana mashine moja ya kutonea chini ya bati huko Kamalondo, mashine ambayo inamzidi umri. Nilimpa vipimo: nje 73.00, ndani 60.10, kina milimita 8. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akatona nne, dola 30.

Hazikuingia. Moja niliigonga kwa nyundo ya mpira ikapanda juu ya kitovu nusu, ikakaa hapo upande upande, na kuitoa ilibidi kuipasua kwa tindo. Nilirudi nayo mkononi. Hakucheka. Alichukua peni, akachora duara mbili.

“Papa, ulinipa kipimo cha janti na kipimo cha kitovu. Hukunipa nafasi ya kitu kuingia ndani ya kitu.”

Kosa la pili, basi. Tumepima upya pamoja kwa mikromita kwenye kila kitovu. Vilikuwa 60.07 hadi 60.09 baada ya kusugua kutu. Pete mpya: ndani 60.13, nje 72.95. Zinaingia kwa mkono na hazichezi. Niliuliza kuhusu joto, nikihofia zitakwama. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kitovu kikipanda nyuzi 80, pete inalegea kwa kama milimita 0.05 juu yake. Haibani. Kinachokwamisha pete ni kutu baada ya miezi ya mvua, na dawa yake ni pasta ya shaba, safu nyembamba kwenye kitovu tu. Kwenye hatua (meno) za skrubu na kwenye makalio ya nati, pale inapokalia janti, usiipake kamwe: inafanya spana idanganye, unakaza zaidi ya unavyofikiri. Dola 30 nyingine.

Nati. Hili naliomba msomaji wa Toyota alisome polepole. Nati za Altezza kwa janti za kiwandani zina shingo iliyonyooka na washa bapa. Janti za Enkei zina makalio ya koni ya nyuzi 60. Nati ya washa bapa inaingia, inakaza, na ukiitazama kwa haraka unaona kazi imekwisha. Kumbe imekalia ukingo mwembamba tu wa tundu, na baada ya joto na mtikisiko inalegea. Nilikuwa nimefunga mbili tayari kabla fundi mdogo wa garajini, kijana wa miaka kumi na tisa, hajaniuliza kwa nini kivuli kinaonekana chini ya nati. Nilimshukuru mbele ya wote. Nati 20 za koni, chuma, M12 kwa 1.5: dola 55. Za alumini nilizikwepa, hatua zake zinachoka upesi kwa mtu anayefungua magurudumu kila mwezi.

Spana ya kupimia nguvu: dola 70. Nati zinakazwa kwa Nm (nyutonimita) 103, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limegusa chini kidogo tu. Kukaza kwa mguu juu ya bomba kumekunja skrubu nyingi hapa mjini.

Jumamosi, 17 Agosti: kalipa na madigadi

Kabla ya kuvisha matairi nilibandika vipande vya plastisini ya mtoto juu ya kalipa, nikaweka janti, nikazungusha, nikatoa, nikakata plastisini na kupima unene uliobaki: milimita 4.5. Mimi nataka angalau 3. Safi.

Kisha kubalansi, dola 20, na safari ya kwanza. Tiki-tiki-tiki, mbele kulia, ikiongezeka na mwendo. Nilisimama mara mbili kutafuta jiwe. Ilikuwa vipande vya risasi vya kubalansi: fundi alivibandika ndani ya pipa, nyuma tu ya mikono, ili visionekane, na hapo ndipo kalipa inapopita. Plastisini ilipima mikono, haikupima pipa lenye risasi. Tumerudi, akavihamishia upande wa ndani kabisa. Dola 12. Mwambie fundi kabla hajaanza.

Nyuma ndiko kulikochukua siku. Janti imetoka milimita 27.7, na tairi limeongezeka upana, kutoka nafasi ya 31. Nilipaka chaki kwenye bega la tairi, nikapakia vijana wanne, nikapita kwenye tuta la mtaani. Chaki ilifutika pande zote mbili, sentimita kumi hivi. Mdomo wa ndani wa madigadi, ule uliokunjwa kama kiganja, ulikuwa unalamba.

Kuukunja juu si kazi ngumu ukiwa na moto na subira. Nilikodi bunduki ya hewa moto, na kwa kukandamizia nikachukua mchi wa kinu, wa kutwangia sombe (kisamvu), niliouzungushia kitambaa. Mchi unaingia kati ya tairi na madigadi, mwenzako anasukuma gari taratibu mbele na nyuma, na mdomo unapanda kidogo kidogo. Nusu ya upande wa kushoto, umeme ukakatika. Rangi ilikuwa bado vuguvugu, nikadhani inatosha kumalizia. Haikutosha. Iliita kama yai linalopasuka, na ufa wa rangi wa sentimita 12 ukafunguka juu ya mdomo.

Upande wa kulia niliufanya bila umeme. Mbabula (jiko la makaa), makala yake (makaa), sufuria mbili za maji ya moto, taulo nene. Taulo lililolowa maji ya moto linalazwa juu ya madigadi dakika tano, unakandamiza kidogo, unarudia. Saa mbili nzima, na hakuna hata mchirizi. Laiti ningeanza na mbabula. Rangi ya kushoto iliniletea gharama ya dola 85, na haikuweza kungoja: ukiacha chuma wazi, mvua ya Novemba inakukuta na kutu.

Jaribio la chaki lilirudiwa na vijana walewale. Chaki ilibaki.

Paraleli, yaani kupanga magurudumu yaelekee sawa: dola 30. Sikubadilisha mwinamo wa magurudumu ya mbele, kwa sababu gari hili linaenda kazini siku ishirini na tano kwa mwezi na sitaki kula bega la ndani la tairi kwa ajili ya asubuhi moja.

Jumapili, 25 Agosti: yadi

Asubuhi ya baridi, vumbi jekundu limeganda kwenye lami. Tulifagia dakika arobaini kabla ya koni ya kwanza. Ukiingia na tairi laini kwenye vumbi la laterite unaharibu tairi na hujui chochote kuhusu janti.

Nilibeba za kiwandani pia, zenye 215 za kawaida, ili nilinganishe siku hiyohiyo. Duru sita kwa kila seti, na mzunguko wa kwanza sikuuhesabu. Za kiwandani, bora yake: sekunde 49.1. Enkei na AD08R: sekunde 47.4. Sitasema janti zimenipa sekunde 1.7. Sehemu kubwa ni mpira, na mwenye kutaka kutenganisha angehitaji tairi moja kwenye janti mbili, pesa ambayo sina. Ninachoweza kusema juu ya janti ni hiki: kwenye kiungo cha zege kilichoko kona ya tatu, ambapo zamani nyuma iliruka na nilingoja ikae ndipo nikanyage mafuta, sasa gurudumu linashuka na kurudi chini mapema, na naweza kuendelea kukanyaga. Hiyo niliihisi kiunoni kwenye duru ya pili, kabla sijaona saa.

Upepo: nilianza na bar 2.0 baridi. Baada ya duru nne ilisoma 2.5 mbele. Nikapunguza hadi 2.3 ikiwa moto, na gari likaacha kuteleza mbele.

Kasoro moja: usukani ukikatwa mpaka mwisho kushoto, bega la tairi linagusa plastiki ya ndani ya madigadi. Kisu na dakika kumi.

Pete zimetoka kwa mkono, zote nne, kitovu kikiwa bado kinachoma vidole.

Jumapili, 8 Septemba: hesabu na hali ya sasa

Seti ya kwanza, baada ya kutoa bei ya sufuria: 320. Enkei hadi mlangoni: 965. Matairi: 300. Pete mara mbili: 60. Nati: 55. Spana: 70. Plastisini: 3. Kubalansi na kurudia: 32. Rangi: 85. Paraleli: 30. Jumla dola 1,920. Katika hizo, 435 ni bei ya makosa yangu matatu makubwa: janti bandia, pete ya kwanza, na kuendelea kukandamiza rangi iliyopoa.

Kilomita 100 baada ya kufunga nilipitisha spana tena, kama inavyotakiwa. Nati mbili za nyuma kushoto zilisogea robo ya mzunguko, kumi na nane hazikusogea. Kilomita 300, hakuna iliyosogea.

Mbele kushoto, gurudumu la mashimo, nimelipima tena kwa mtonaji juzi: 0.4, sawa na siku lilipofika. Papa Kwado amepitisha ukucha kwenye kila mzizi wa mkono bila mimi kumwomba, kisha akanirudishia. Za kiwandani zimepakwa mafuta kidogo kwenye uso wa kitovu, zimevaa 215 zenye mifereji mirefu, ziko chini ya kitanda cha wageni. Zitatoka mvua ya kwanza ikinyesha.